Filamu Ambayo Maman Hodi Hakuwahi Kuiona

Ukifika Muhumba, mtaa wa Bukavu, ukauliza kwa Constance Nabintu, watu watakuna kichwa. Uliza kwa Maman Hodi, na utaonyeshwa mara moja: teremka na njia ya mawe, pita pale wanapopumzika watu wa pikipiki, utaona lango la bati la rangi ya bluu na mama mmoja mnene ameinamia mashine ya kushona barazani. Ndiye huyo. Amewashonea watoto wa mtaa sare za shule tangu wazazi wao walipokuwa wenyewe watoto wa shule, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kupimwa suruali bila kuambiwa kwanza nyumbani, kwa sauti ya chini, kwamba yule mama zamani alikuwa mzimu.

Alikuwa mzimu wa televisheni. Mwaka wa 1986 watu wachache waliofanya kazi kwenye stesheni ya mjini, wakiongozwa na bwana mmoja aliyeitwa Apollinaire, walitengeneza filamu ya kutisha ya kuonyeshwa jioni baada ya habari. Waliiita Bibi-arusi wa Nguba. Ni kisa cha msichana anayevushwa ziwa kwa mtumbwi kwenda kuolewa na mwanaume asiyemtaka. Mtumbwi unapinduka, msichana anazama, na tangu siku hiyo kila giza likiingia anapanda kutoka majini, nguo yake nyeupe ikichuruzika, anakwenda mlango kwa mlango kutafuta kiatu chake kilichopotea. "Hodi," anasema. Anayemfungulia hakai muda mrefu duniani. Constance alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye macho makubwa, na ndiye aliyekuwa huyo bibi-arusi.

Filamu ilipita mara moja tu, Jumamosi jioni. Siku zile televisheni zilikuwa za kuhesabika Bukavu, na nyumba iliyokuwa nayo ilikuwa nyumba ya mtaa mzima. Huko Muhumba watu walikwenda kwa jirani aliyeitwa Monique: walijaa sebuleni, wakajaa madirishani, wengine wakapanda ukuta. Kesho yake Constance alipokwenda bombani kuchota maji, foleni ilifunguka yenyewe akapita mbele bila kuomba. Alipofika kwa shangazi yake akasema hodi, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, alisikia sufuria ikianguka ndani na mtu akitorokea mlango wa nyuma. Tangu hapo alizoea kupiga makofi mlangoni, au kukohoa. Lakini jina lilikwisha kumshika.

Jambo ambalo watu hawakulijua, na ambalo aliacha kulisema kwa kuwa hakuna aliyemsadiki, ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuiona ile filamu.

Baba yake, Bruno, alikuwa katekista. Alikubali binti yake acheze kwa sababu Apollinaire alimweleza kwamba filamu inafundisha vijana kuwatii wazazi. Kisha Jumamosi ile, mchana, alisikia kwenye redio kwamba watoto wadogo na watu wenye moyo dhaifu wasiitazame. Bruno hakugombana na mtu. Jioni alivaa koti, akawachukua watoto wote mpaka kwenye kapela, wakasali rozari yote na litania juu yake, na walipotoka, Bukavu nzima ilikuwa imekwisha ogopa na kwenda kulala. Constance alijifariji kwamba wataionyesha tena. Hawakuionyesha tena. Baadaye ilikuja ile miaka ya vurugu, makabati ya stesheni yakabaki matupu kama ofisi nyingine nyingi za mji, na kuna watu walioapa kuwa waliona mkanda wa kaseti ukifungia mafungu ya mchicha wa lenga-lenga sokoni Kadutu.

Basi Constance aliishi na filamu kama mtu anavyoishi na habari za babu aliyekufa kabla hajazaliwa. Alisimuliwa na wengine. Wapo waliomwambia alitembea juu ya maji. Wapo waliomwambia alikuwa na miguu ya mbuzi. Kwenye matanga fulani bwana mmoja mwenye heshima zake alimweleza jinsi alivyogeuza kichwa mpaka uso ukaelekea mgongoni.

"Mimi niligeuza kichwa?" Constance aliuliza.

"Mpaka huku nyuma, maman. Mimi niliona na haya macho."

Mwanzoni alikuwa anabisha. Baadaye aliacha, maana aliona watu wanaumia wakinyimwa miguu ya mbuzi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho wote, mmoja mmoja, walikisema kwa namna moja. Mwisho wa filamu bibi-arusi anafika kwenye nyumba ya baba yake mwenyewe, baba anafungua, na binti analia. "Ile kilio yako," watu walimwambia, na huku wakijisugua mikono kana kwamba baridi imewapitia.

Hapo Constance alikuwa na aibu yake ndogo. Siku ya kupiga picha ile hakuweza kulia. Alifungua kinywa, ikatoka sauti ya kuku aliyekanyagwa. Apollinaire alimrudisha, na tena, na tena, mpaka koo likakauka na wenzake wakaanza kutazama saa. Mwisho alimwambia afungue kinywa tu, mambo ya sauti wataona wenyewe studio. Alimsikia pia akinong'ona na mwenzake kwamba labda watafute msichana mwingine. Constance alirudi nyumbani akalia jikoni, huko ambako kulia hakukumsaidia mtu. Lakini msichana mwingine hakutafutwa, na filamu ikatoka, na watu wakaogopa. Akaamini kwamba walichukua kile kilio chake cha kuku wakakitengeneza. Kila mtu aliyemsifu alimjibu hivyo hivyo: "Ile ni mashine."

Maisha yalikwenda. Wachumba wawili waliokuwa wakimpigia hesabu waligeuza njia. Kisha alikuja Emile, kijana wa Luvungi, aliyekuwa akileta mchele mjini kutoka kule tambarare ya Ruzizi. Kijijini kwao hapakuwa na televisheni hata moja. Alikuwa amekwisha mpenda Constance ndipo alipopata mtu wa kumvuta pembeni na kumwambia habari za mzimu. Emile alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo mzimu anajua kupika samaki wa sambaza. Walioana. Mama yake Constance, mama Séraphine, alicheza kwenye arusi ile mpaka viatu vikamshinda, akamaliza pekupeku. Miaka michache baadaye homa ilimchukua kwa wiki moja, akaacha mtoto wa mwisho, Josué, ambaye alikuwa bado hajajua kuongea sawasawa. Constance alimchukua akamlea pamoja na wake. Leo Josué ni mwanaume mwenye familia huko Shabunda, anachimba dhahabu, na bado humwita Constance yaya, yaani dada mkubwa.

Sasa, mtoto wa tatu wa Constance ni Ornella. Huyu ana duka dogo mtaa wa Nyawera: anapiga picha na video za arusi. Pembeni ya kompyuta yake kuna mashine ya zamani ya kuchezea kaseti, kwa sababu familia nyingi bado zina arusi na ubatizo wa miaka ile kwenye kaseti, na wanataka kuviona kwenye simu. Mwezi wa tano, mvua ikiwa inaishia, aliingia mzee mmoja mrefu, amevaa koti la kijivu, mkononi ana kifurushi cha plastiki.

"Mutoto yangu," alisema, "banasema unaweza kufufua kaseti."

"Ikiwa haijaoza, papa."

Mzee alieleza kwamba anaitwa Placide. Alikuwa ameondoka Bukavu zamani kwenda Kalemie, akaoa huko, akazeekea huko. Dada yake mkubwa amefariki, naye amerudi kuangalia nyumba. Walipobomoa dari walikuta vitu vyake vya ujana: redio, nyaya, na kaseti hii.

Ornella alifuta vumbi. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa imekuwa ya rangi ya chai, lakini maandishi yalisomeka. Alisoma, akamtazama mzee, akasoma tena.

"Papa, hii umeitosha wapi?"

"Niliifanyaka mwenyewe. Mimi ndiye nilikuwa mutu ya sauti. Apollinaire alinipatia copie moja ya kumbukumbu." Alitabasamu. "Ni film ya kuogopesha. Wewe ulikuwa haujazaliwa."

"Muzimu wa hii film ni mama yangu," Ornella alisema.

Mzee Placide aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

Constance alipopigiwa simu alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichoma kwenye mto wake, kisha akasema, "Usiiangalie. Ungoje." Alikata simu, na alasiri yote hakushona kitu. Emile alimkuta ameketi tu, mikono mapajani.

"Bamepata film," alimwambia.

"Ile?"

"Ile."

Emile alivua kofia. "Basi tuiangalie."

"Na kama ni kitu ya bure? Mimi nimebeba hii jina maisha yote. Nikiona ni mutoto tu na shuka juu ya kichwa, je?"

Emile alifikiri. Si mtu wa maneno mengi. "Mu huu mji wote," alisema, "mimi ndiye mutu mumoja sijaonaka bibi yangu mu télévision. Unihurumie."

Wakapanga Jumapili baada ya misa ya pili. Constance alitaka iwe siri, lakini Muhumba haina siri, na saa nane mchana sebule yake ilikuwa imejaa. Alikuja Monique, ambaye siku hizi anatembea na fimbo, akapewa kiti kizuri karibu na dirisha. Walikuja wamama wa jumuiya, walikuja vijana waliosikia habari za miguu ya mbuzi tangu utotoni. Mzee Placide alikuja na koti lake la kijivu na soda mbili kama mgeni wa heshima. Ornella alifunga mapazia, akatundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta. Umeme ulikuwepo, na wote waliusifu kimya kimya wasije wakaufukuza.

Kwanza ilikuja mvua ya nukta na mistari. Halafu muziki wa kinanda. Halafu ziwa.

Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa ziwa. Lilikuwa lile lile, lakini kando yake, kwenye milima ambayo leo imefunikwa na mabati mpaka juu, kulikuwa na majani. Kulikuwa na miti. Kamera ilizunguka taratibu, na ng'ambo ya ghuba ukaonekana mteremko mtupu, wa kijani, na njia moja nyembamba, na mwanamke mmoja anapanda na mzigo wa kuni.

"Ile ni kwetu," alisema mtu kwa nyuma. "Ile fasi iko nyumba yetu. Hakukuwaka hata nyumba moja."

"Angalia barabara ilivyokuwa safi."

"Angalia yule. Si yule aliyekuwaka anauza magazeti?"

"Ni yeye. Alikufa."

"Nyamazeni tusikie," alisema Monique, kisha yeye mwenyewe akaanza kutaja maduka yaliyokuwa yakipita, mpaka gari la bwana-arusi lilipofika mwisho wa barabara.

Vijana nao waliona mambo yao. Mtumbwi ulipopinduka, ulionekana waziwazi mkono wa mtu anayeusukuma. Mbuzi alipita nyuma ya maiti, akasimama, akala kitu, akaenda zake. Baba wa msichana alikuwa amevaa ndevu ambazo zilibadilisha upande kati ya sebule na chumbani. Walicheka, na Constance aliona ajabu kwamba kucheka kwao hakukumchoma. Alikuwa anamtazama yule msichana.

Alipanda kutoka majini, amelowa, nguo imegandamana na mbavu, nywele zimefunika uso. Miguu ilikuwa ya mtu. Kichwa hakikugeuka. Hakutembea juu ya maji. Alijikwaa kwenye mawe, na alijikwaa kweli, Constance alilikumbuka lile jiwe. Alifika mlangoni, akainua mkono mwembamba.

"Hodi," alisema yule msichana, kwa sauti nyembamba ya adabu, kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani.

Emile alisogea mbele kwenye kiti. "Ulikuwa vile?" aliuliza.

"Nilikuwa vile."

"Mimi ningefungula," alisema Emile, na wamama wakacheka, na hata mzee Placide akacheka.

Filamu ilikwenda haraka kuliko walivyoikumbuka waliokuwa wameiona. Mlango wa kwanza, wa pili, daktari, padri. Halafu nyumba ya baba. Kamera ilikaa nyuma yake, ikionyesha nywele na bega lililolowa, kisha ikazunguka mbele. Baba alifungua. Msichana alimtazama. Alifungua kinywa.

Kilio kilianza chini, karibu kisisikike, kama mtu anayebeba kitu kizito na kupumua. Kikapanda. Kilipanda polepole bila haraka yoyote, kikafika mahali na hapo kikavunjika, pumzi ikaingia kwa ndani, halafu kikashuka na maneno, ya Kimashi, yasiyosikika vizuri isipokuwa mawili: mwana wani. Mwanangu. Mwana wani.

Kijana mmoja aliyekuwa anacheka alibaki na meno nje.

Constance alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi. Kinywa kilichokuwa wazi pale ukutani kilikuwa chake, na midomo, na jino lililopishana kidogo, vyote vyake. Sauti haikuwa yake, wala ya mashine yoyote.

Mama Séraphine hakuacha sauti. Hilo Constance aliligundua siku moja, miaka mingi baada ya mazishi, alipokuwa anashona: alijaribu kumsikia mama yake akimwita, akakuta maneno yote yapo, lakini yanakuja kwa sauti ya Constance mwenyewe. Kulikuwa na picha moja tu, ya arusi ya watu wengine, ambamo kofia ya mgeni imemziba nusu ya uso. Sauti hakuna aliyefikiria kuihifadhi. Na sasa ilikuwa hapa, inavunjika pale pale ilipovunjika zamani, siku mama alipomzika mwanawe mdogo Firmin, Constance akiwa msichana mdogo ameshika kitenge cha mama yake kwa nyuma asipotee kati ya watu.

"Ornella," alisema. "Urudishe."

Ornella alirudisha. Wakasikiliza tena. Aliposema mara ya tatu, hakuna aliyeuliza kwa nini. Kisha Constance alimgeukia mzee Placide.

"Papa Placide. Nani analia?"

Mzee alimtazama, akawatazama wengine, kama mtu anayeshuku kwamba anafanyiwa mchezo. "Haujue?"

"Nakuuliza."

"Maman, ni mama yako." Aliweka soda chini. "Nilifikiri unajua. Miaka yote nilifikiri alikuambiaka. Mama gani anaweza kuficha jambo kama hii mpaka ku kaburi?"

Akasimulia. Asubuhi moja, katikati ya wiki, mama mmoja alifika stesheni na kikapu cha karanga kimefunikwa jani la mgomba, akasema anamtaka mkubwa wa filamu. Apollinaire alipoambiwa ni mke wa katekista alijua amekuja kumtoa binti yake, akaanza kujitetea kabla hajasalimia. Mama Séraphine alimwacha amalize. Kisha akasema: "Mutoto yangu alilia mu jikoni sababu hakuweza kulia mu film yenu. Mimi kulia najua. Munionyeshe fasi."

"Apollinaire alifikiri ni mchezo," alisema Placide. "Lakini mimi nilikuwa na micro tayari. Tukamuingiza mu studio, kale kachumba kenye trei za mayai ku kuta, za kuzuia kelele. Akaomba nizime taa. Akatupatia mugongo, akaangalia ukuta. Nilivaa casque ya kusikilizia mu masikio. Alipoanza, niliiondosha ku masikio. Sikuweza."

Mzee alijigusa masikio.

"Ilipoisha, Apollinaire alisema turudie, tupate ya akiba. Mama yako akamuambia: kilio kama hii mutu halii mara mbili. Akanawa uso ku bomba. Alituambia mambo mawili tu. Katekista asijue. Na mutoto asijue. Muache aamini ni yeye aliweza."

Constance aliketi. Emile alikuwa ameushika mkono wake, na aliuacha hapo.

Hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho hakuwahi kukipa maana. Jumamosi ile ya rozari, mama hakuwa kapelani. Alimwambia baba kwamba anakwenda kumwangalia mgonjwa mmoja mtaani. Walipotoka kusali walimkuta nyumbani anasonga bugali, macho mekundu yamevimba, na baba alipouliza alisema ni moshi wa kuni mbichi.

"Alikuja kwangu," alisema Monique kutoka dirishani. Wote waligeuka. "Mama yako. Ile jioni. Alisimama inje, ku dirisha yangu, kitenge ku kichwa. Nilimuambia aingie, fasi iko, akakataa. Wakati ulifungula kinywa, alikamata mukono yangu, aliikaza mpaka iliuma. Nilifikiri ni woga. Nikamuambia, usiogope, ni mutoto yako, si muzimu." Monique aligeuza fimbo yake. "Akaniambia: naona. Angalia vile anajua."

Ndipo Constance alipolia. Alilia bila kelele, machozi yakishuka tu, na watu walimwachia. Mmoja wa wamama wa jumuiya alikwenda jikoni kuchemsha chai bila kuagizwa. Wale vijana walianza kusogeza viti, wakaambiwa na Emile waketi, filamu haijaisha. Na kweli ilikuwa haijaisha. Bibi-arusi alirudi majini, taratibu, nguo ikielea nyuma yake, mpaka likabaki ziwa peke yake na ile milima ya kijani. Yalipokuja majina, yalipita machache kwa herufi nyeupe zinazotetemeka. La mama Séraphine halikuwemo. Yeye ndiye aliyetaka lisiwemo.

Walikunywa chai mpaka jua likapungua. Mazungumzo yaligeuka kuwa ya mji: wapi kulikuwa na mkate mzuri, nani alikuwa na gari la kwanza Muhumba, jinsi ambavyo usiku ule watu walisindikizana kwenda chooni. Bwana mmoja aliendelea kushikilia kwamba kulikuwa na miguu ya mbuzi, labda imekatwa kwenye nakala hii. Constance alimwambia inawezekana.

Walipobaki wenyewe, Ornella aliuliza kama amtolee kile kilio peke yake, akiweke kwenye simu bila picha. Angeweza kukisafisha pia, kuondoa ule mchakacho.

"Apana," alisema Constance. "Uache vile. Uache na mimi, na mulango, na yule papa wa ndevu mbaya." Akafikiri. "Alikuja kunisaidia kazi. Usimuondoshe mu kazi."

Lakini kipande kile, na picha yake yote, walimtumia Josué. Huko Shabunda mtandao ni wa kuwinda: mtu anapanda kilima, anainua simu, anangoja. Siku mbili zilipita bila jibu. Siku ya tatu, Constance akiwa anakata vitambaa, simu iliita.

"Yaya," alisema Josué. Upepo ulikuwa unavuma kwenye sauti yake. "Nimesikia."

"Unamujua?"

Constance aliibana simu sikioni kwa bega.

"Sitakudanganya," alisema. "Nilisikiliza mara mingi. Nilifunga na macho. Simujue, yaya. Kwangu ni mama ya mutu mwingine analia."

Constance alikata kitambaa kilichokuwa mkononi. Josué alikuwa mdogo mno mama alipofariki, na hilo si kosa la mtu.

"Lakini sikia," alisema Josué. "Unajua kale katoto kangu ka mwisho, Bijou. Kakikasirika kanalia, kanapanda, kanapanda, kisha kanavunja sauti katikati na kuvuta pumuzi. Ni vile vile. Mama yake anaulizaka kila siku kile kilio kilitoka ku familia gani. Kwao hakuna. Nilimusikilizisha ile film jana. Aliacha sufuria ku moto, akasema: eh, nimeona mwenye hii kilio."

Constance alianza kucheka, na akacheka mpaka mkasi ukamponyoka ukaanguka chini ya mashine.

"Josué," alisema alipopata pumzi. "Bijou akilia tena, usimunyamazishe mbio. Unipigie kwanza."

"Mutandao iko huku juu ku mulima, yaya."

"Basi umubebe. Mupande naye."